Maziwa ya Pikipiki

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimeendesha. Naandika taratibu ili siku nikiwa mtu mkubwa watoto wangu wasome bila shida: mimi, Nicodemo wa Joakimu, wa kijiji cha Daudi, Mbulu, nimeendesha pikipiki ya Mzee Gidabuday kutoka nyumbani hadi mashine ya kusaga na kurudi. Sikuanguka. Yaani nilianguka, lakini pale ambapo hapakuwa na watu, kwa hiyo haihesabiki.

Hii siyo pikipiki ya abiria kama kale ka Ezekiel wa bodaboda. Hii ni ya matope. Tairi zina meno kama za trekta. Siti iko juu kama kitanda cha hospitali. Bomba la moshi limepanda ubavuni na kutazama nyuma kwa dharau. Ikiwaka, kuku wa jirani wanasahau walichokuwa wanatafuta.

Sasa maelezo, asije mtu akasema nimeiba. Mzee Gidabuday ni mfugaji wa Gendabi, kule Hanang. Yeye na baba walijuana mnadani Katesh. Miaka kadhaa iliyopita alimleta kwetu ng'ombe wake, Madoa, tumtunze. Ndiyo desturi. Ng'ombe ni wake, sisi tunamlisha, na anayemlisha ndiye anayekunywa maziwa. Kumuuza, hapana. Kumchinja, hapana. Mwezi wa tatu Mzee alikuja na pikipiki kumwangalia Madoa, mvua ikamkuta huku huku, barabara ya kushuka ikawa uji. Akarudi kwa basi. Pikipiki akaiacha kwetu. Akamwambia baba: nakuachia na hii, itunze kama unavyomtunza yule.

Kama yule! Nimelitafuna neno hilo tangu siku ile. Nikamuuliza baba, anayetunza ng'ombe anakunywa maziwa? Akasema ndiyo. Nikamuuliza, sasa maziwa ya pikipiki ni nini? Baba ni katekista, maswali ya namna hiyo hajibu. Alisema tu ufunguo uko kwenye msumari chini ya rozari, na Bwana anaona mikono yote.

Lakini jibu liko wazi hata kwa mtu aliyeishia kidato cha pili. Maziwa ya pikipiki ni kuiendesha. Na ng'ombe asipokamuliwa anaumwa. Leo baba kaenda kufundisha watoto wa kipaimara. Nimekamua.

Restituta alikuwa mashineni na ndoo yake ya mahindi. Nilipita mbele yake, hakuniangalia. Nikapita tena karibu zaidi, akaniangalia, maana nilimrushia tope kwenye sketi. Alisema neno ambalo sitaliandika. Lakini alilisema akinitazama mimi, siyo Ezekiel, na Ezekiel alikuwa hapo hapo anasubiri abiria. Akaumia. Akauliza kama mwenye mali anajua. Nikamwambia anaongea na mtunzaji rasmi.

Pikipiki yote ikawa tope. Nikaipeleka mtoni. Hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Mtu wa kawaida angemwaga maji tu, yakaingia kwenye bomba la moshi, injini ikanywa ikalewa. Mimi nikaokota gunzi la mahindi, nikaziba tundu la bomba. Bibi yangu alikuwa anaziba kibuyu kwa gunzi na hata harufu haitoki. Na kwa kuwa Ezekiel angeweza kupita akaliona akacheka, nikalisukuma kwa kijiti mpaka likapotea ndani. Nikaosha. Sasa inang'aa kama kikombe cha misa. Nikaikokota hadi nyumbani bila kuiwasha, wasisikie. Ufunguo kwenye msumari. Safi kabisa.

Kuna kitu nilipanga kufanya baada ya kuosha. Nimekisahau. Kingekuwa cha maana ningekumbuka.

Jumanne, 7 Mei

Mzee Gidabuday kapiga simu. Anakuja Jumapili baada ya misa, barabara imekauka, anaitaka pikipiki yake. Sawa. Mimi nina wasiwasi gani? Imelala imeoshwa.

Baba kanipa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Akasema niiwashe ingurume kidogo, isije ikawa imekakamaa, kama ng'ombe anavyotolewa zizini anyooshe miguu. Nikajifanya mgeni. Nikamuuliza ufunguo unaingizwa wapi. Hapo nilicheza vizuri sana.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Ikatoa sauti kama mzee aliyetaka kupiga chafya akabadilisha mawazo. Nikapiga mpaka goti likaanza kulia. Baba amesimama, mikono kifuani. Mama yangu, Efrazia, katoka jikoni na mwiko. Nikawaambia ni baridi. Injini hii imezaliwa tambarare ya Hanang, ukungu wa huku juu haijauzoea.

Baba akatikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na blanketi. Blanketi la wageni! Sasa pikipiki imelala stoo karibu na jenereta ya kigango, ile ya kanisa tunayoitunza sisi, imefunikwa mpaka shingoni. Mama ameuliza kama na uji inywe.

Nimecheka kidogo. Ngoja niandike ukweli wenyewe. Baba na Mzee walikubaliana: Madoa akizaa mara ya tatu, ndama huyo ni wetu. Ndama wa tatu yuko tumboni sasa hivi, ukimgusa mama yake ubavuni unamsikia anapiga teke. Na baba alishasema mezani, mbele ya mama na mdogo wangu Judith, kwamba ndama huyo atakuwa wangu. Wangu mimi. Mwanaume wa huku bila hata ng'ombe mmoja ni nani? Nikienda kwa baba yake Restituta nitamwonyesha nini, viatu?

Lakini desturi ina upande wa pili. Mtunzaji akiharibu kimoja, mwenye mali anakusanya vyote. Mzee akikuta pikipiki imekufa, Madoa anaondoka. Na ndama wangu anaondoka akiwa ndani yake, hata sijaona ana rangi gani.

Jumatano, 8 Mei

Plagi. Nilijua tangu mwanzo kuwa ni plagi.

Nimeifungua kwa spana niliyoiazima bila kumsumbua mwenyewe. Nimeisugua kwa msasa mpaka inametameta. Kisha nikaishika kwa vidole na kupiga kiki kwa mkono, nione kama ina moto. Ina moto. Moto mwingi. Umeingilia kidoleni ukatokea kwenye meno. Mama alinikuta nimekaa chini, akaniuliza ninasali rozari gani.

Nikairudisha. Kiki. Chafya ile ile. Kimya.

Nikampigia Yahaya, fundi wa mjini Mbulu, karibu na soko. Shida ni kwamba Yahaya ndiye anayemtengenezea Mzee pikipiki hii akipanda huku. Nikimwambia, Mzee atajua kabla sijakata simu. Kwa hiyo nikasema ni ya rafiki yangu, pikipiki ya kawaida ya abiria. Akasema mwambie abonyeze stata. Nikaangalia hendeli yote. Hii haina stata. Nikasema amebonyeza. Akasema basi aangalie betri, iko chini ya siti. Nikafungua siti. Nikafungua ubavu wa kulia. Nikafungua ubavu wa kushoto. Hakuna betri! Nikajua Ezekiel kaiiba. Nimemtukana kimoyomoyo mchana kutwa.

Jioni Judith katoka shule. Yuko kidato cha tatu na anataka dunia nzima ijue. Akasema pikipiki za namna hii nyingine hazina betri kabisa. Nikamwambia nilikuwa nampima. Akakaa juu ya ndoo, akauliza mara ya mwisho iliwaka lini, na baada ya hapo nikafanya nini. Mtego mtupu. Nikikiri iliwaka, nimekiri niliendesha. Nikamwambia sikufanya kitu, niliiosha tu.

"Uliiosha," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na niliiosha kitaalamu, hata tone moja halikuingia kwenye bomba. Akauliza halikuingiaje. Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze, mama akamwita akachote maji. Basi. Hawa wasomi ni maswali tu, spana hawashiki.

Alhamisi, 9 Mei

Siyo plagi. Nilijua tangu mwanzo kuwa siyo plagi. Ni mafuta.

Petroli iliyokaa kwenye tenki tangu mwezi wa tatu imelala usingizi, haina nguvu tena. Kwamba Jumatatu ilikuwa na nguvu ya kunipeleka mashineni na kurudi, hilo nimeliacha kwanza. Nimeimwaga yote. Nyuma ya choo. Majani pale yamekauka tayari.

Kisha nikachukua mayai ya mama, nikaenda kwa yule mama wa barabarani anayeuza petroli kwenye chupa. Tukabadilishana. Chupa imezibwa kwa gunzi. Njiani nikaitikisa, nikaigeuza chini juu, hakuna hata tone. Nikamweleza Ezekiel, ambaye bahati mbaya alikuwa ananifuata taratibu na pikipiki yake, kwamba watu wanahangaika na vifuniko vya kiwandani wakati gunzi linashinda vyote. Ukiziba kitu kwa gunzi, nikamwambia, hata hewa haipiti. Ezekiel akakubali. Mara chache sana tunakubaliana.

Halafu akauliza petroli ya nini, mbona pikipiki siisikii siku hizi. Nikasema imepumzika. Akasema yake haijawahi kuchoka. Akaniomba nimsalimie shemeji yake. Nikauliza shemeji gani. Akasema pikipiki, maana nasikia unaifunika blanketi. Nani kamwambia? Judith! Au mama. Nyumba hii inavuja kuliko kabureta.

Kabureta ndiyo ilifuata. Nimeifungua juu ya gunia. Ndani kuna vitu vidogo vidogo vya kike, vimekaa kwa adabu. Nimevitoa, nimevipuliza, nimevirudisha kila kimoja kwake. Vyote vimeingia isipokuwa skrubu moja. Nimezunguka nayo injini nzima, hakuna tundu linaloidai. Nimeiweka mfukoni.

Kiki. Chafya. Kimya. Goti la kulia sasa ni kubwa kuliko la kushoto. Kwenye chakula baba akauliza kama mgonjwa ameamka. Nikasema anaendelea vizuri. Baba akasema Mzee kamwamini mpaka kumwachia ng'ombe, na mtu haaminiwi hivyo mara nyingi. Hakuniangalia alipokuwa anasema. Ugali wangu nikamsogezea Judith.

Ijumaa, 10 Mei

Sijalala vizuri. Niliota Madoa anapiga kiki akiwa na blanketi.

Nimefikiria hivi. Ng'ombe wa kutunziwa akifa, mtunzaji anampelekea mwenyewe ngozi, ajue amekufa kweli, hakuuzwa. Ukipeleka ngozi, umekuwa mtu mwaminifu, mnalia pamoja, yameisha. Sasa pikipiki ikifa unapeleka nini? Kava la siti? Nimelipima. Linatoka kirahisi. Nimejiona nimesimama Gendabi mbele ya boma la Mzee, kava mkononi, namwambia pole. Nimelirudisha.

Hapo ndipo akili ikaja yenyewe. Siwezi kuifanya iwake. Lakini naweza kumfanya Mzee asije!

Nikaingia zizini, maana ndipo simu inaposhika vizuri na baba hasikii. Nikaweka laini yangu ya pili, ile ambayo hata mimi sijui namba yake. Nikabana pua. Nikamsalimia shikamoo, nikasema mimi ni afisa, kumeingia karantini ya mifugo, njia za kuja Daudi zinafungwa, wafugaji wa Hanang wasisogee huku mpaka watangaziwe. Nilisema na "kwa mujibu wa". Sauti ilikaa vizuri mpaka nikajiogopa. Madoa alikuwa ananilamba shingo muda wote, anatikisa kengele yake, ile ambayo Mzee aliifua mwenyewe kwa nyundo akamvalisha akiwa mtamba. Nikamsukuma. Akarudi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akashukuru. Akakata.

Nimetoka zizini natembea kama mkuu wa wilaya.

Saa hiyo hiyo simu ya baba ikaita. Nimemwona baba anasikiliza, uso unashuka kidogo kidogo. Akaja akakaa kwenye kizingiti. Akasema Mzee amesikia kuna karantini. Kwa hiyo haji Jumapili.

Nikasema kwa huzuni, jamani.

Akasema anakuja kesho asubuhi. Anataka kumtoa Madoa haraka kabla njia hazijafungwa, maana ng'ombe akifungiwa huku na mimba yake atamwona lini. Anakuja na kamba.

Mama aliacha kupepeta. Judith aliniangalia tu. Sikusema kitu. Mimi!

Baadaye nilikwenda zizini. Nikaweka mkono ubavuni kwa Madoa. Ndama akapiga teke. Yeye anapiga kiki na anajibiwa.

Jumamosi, 11 Mei

Lazima niandike kabla watu hawajaanza kupotosha.

Mzee alifika ukungu haujainuka. Na aliyemleta kutoka stendi ya Mbulu ni nani? Ezekiel, na kapiga honi tangu kanisani. Mzee alishuka na shuka lake na miguu yake mirefu, na begani kamba mpya, nyeupe, haijaguswa na kinyesi bado. Nikatoa shikamoo mpaka nikakaribia kuinama. Akaitika marahaba, akaniangalia zaidi ya salamu inavyohitaji.

Aliingia zizini kwanza. Akamgusa Madoa pembe, tumbo, kiwele. Akaishika kengele, akaitikisa kidogo karibu na sikio lake, akatabasamu peke yake. Baba alisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri hukumu. Hawakuzungumza habari za karantini. Mimi ndiye niliyekuwa nazizungumza, moyoni, bila kupumzika.

Kisha akaomba ufunguo.

Alipotoa blanketi alilikunja vizuri, akampa mama. Akasema pikipiki imekuwa safi kuliko alivyoinunua. Akapiga kiki. Chafya. Akapiga tena kwa mguu ule mrefu. Kimya. Akashuka. Akaanza kukunjua kamba begani.

Hapo mdomo wangu ulikwenda wenyewe. Nikasema Mzee, hii sasa imezoea milima, inawaka kwa kusukumwa tu, ndiyo mtindo wa huku. Mzee akasimama. Akasema haya, nionyeshe huo mtindo. Akamwambia Ezekiel asukume.

Kwetu kuna mteremko, unaanza mlangoni unaishia kwenye maharage ya mama. Nikapanda. Gia ya pili. Klachi nimeibana mpaka vidole vimekufa. Restituta akawa anapita na ndoo ya maji kichwani, na kama kawaida ya watu wabaya akasimama kutazama. Ezekiel nyuma anasukuma na kucheka, anasema pole shemeji, pole shemeji. Nikasali. Sijui hata nilimwita mtakatifu gani, nadhani niliita wote walioko kwenye kalenda ya baba. Nikaachia klachi.

Chafya. Nikabana, nikaachia. Chafya kubwa. Ezekiel akainama, akaweka bega chini ya siti, uso wake sawasawa na bomba la moshi. Nikaachia mara nyingine.

Pwaa!

Kuku waliruka. Nyuma yangu kitu kimempiga Ezekiel katikati ya paji la uso, akakaa kwenye tope kama mtu aliyekaribishwa kiti. Na chini yangu, jamani, pikipiki ikanguruma! Ikanguruma na kuondoka! Nilipita kwenye maharage, nikapita kwenye kamba ya nguo, nikazunguka choo, nikarudi na kitenge cha mama kwenye hendeli kama bendera. Sikuanguka. Restituta alicheka mpaka maji ya ndoo yakammwagikia. Alicheka akiniangalia mimi.

Nikazima. Mzee alikuwa ameokota kitu karibu na Ezekiel. Gunzi. Jeusi, linafuka moshi. Akaligeuza. Akatazama bomba. Akanitazama mimi. Akatazama zizi. Mabega yakaanza kutikisika, lakini sauti haikutoka.

Akamgeukia baba. "Yule afisa wa karantini aliyenipigia," akasema, "anakaa zizi moja na ng'ombe wangu. Nilisikia kengele."

Baba akauliza afisa gani. Mimi nikatazama milima. Milima yetu ni mizuri sana wakati huu wa mwaka.

Mzee akanisogelea. Akaniuliza taratibu, siyo kwa ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Uliogopa nini, kijana? Uliniogopa mimi?"

Sijui nini kilinipata, labda uchovu. Nilisema kweli. "Hapana, Mzee. Nilimwogopea Madoa asiondoke. Na huyo wa tumboni."

Akatazama zizi tena. Kisha akachukua ile kamba mpya, akampa baba. Akasema aliinunua jana mnadani. Ni ya ndama, atakapozaliwa. Alisema anayehangaika namna hii kwa ajili ya ng'ombe hawezi kumwacha alale njaa. "Madoa abaki," akasema. "Pikipiki naondoka nayo."

Mama akageuka akafuta macho kwa mwiko, yaani kwa mkono uliokuwa na mwiko. Baba alimshika Mzee mkono kwa mikono yake miwili. Na mimi Mzee akanifungua kiganja, akaniwekea lile gunzi, likiwa bado la moto. "Na hili ni lako," akasema.

Akapanda, akapiga kiki mara moja, ikawaka, akashuka bonde shuka likipepea. Ezekiel alikuwa bado anajisafisha. Baba akasema tutazungumza baada ya misa.

Jumapili, 12 Mei

Tumezungumza. Baba aliongea, mimi nilikuwa na zamu ya kusikiliza, na ilikuwa ndefu kuliko misa. Kupalilia maharage upya ni mimi. Kukata majani ya Madoa mpaka azae ni mimi. Sawa. Ni ndama wangu, nakata majani kama mwenye mali.

Lakini jamani, watu hawaelewi kilichotokea. Judith anasema alishuku tangu Jumatano nilipotaja bomba, eti tatizo lilikuwa gunzi. Anacheka mpaka anashika ukuta. Maskini, hana fizikia. Gunzi linazuia maji kuingia, hilo kila mtu anajua. Litazuiaje moto kuwaka? Moto uko mbele, bomba liko nyuma!

Mimi nimekaa nikafikiria kwa utulivu, na nimepata majibu yote.

Kwanza, Ezekiel. Gunzi lile alikuwa nalo mkononi anataka kunipiga nalo kisogoni, mbele ya Restituta. Mshtuko wa injini ukamrudishia usoni. Ndiyo maana Mzee, mtu mwenye macho, alilichukua na kunikabidhi mimi. Ni ushahidi. Au ni nishani, bado sijaamua.

Pili, pikipiki yenyewe. Ilikuwa na skrubu moja zaidi. Ndiyo ilikuwa inaibana! Niliitoa Alhamisi, injini ikahitaji siku mbili kuizoea nafasi mpya, Jumamosi ikawaka. Hata Yahaya hajui hili. Skrubu bado ninayo mfukoni, naishika nikiwa na mawazo.

Restituta baada ya misa aliniuliza kama ndama akizaliwa atapewa jina gani. Yeye mwenyewe aliuliza! Ezekiel alikuwa kando, na kivimbe.

Jumatatu, 13 Mei

Habari kubwa. Askofu anakuja Jumapili kwa kipaimara. Kwaya ina mazoezi leo jioni na spika mpya, na umeme umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo ni jenereta ya kigango. Baba kaenda kupokea viti. Alisema jenereta isiguswe na mtu. Lakini imejaa vumbi na mavi ya kuku, na Restituta anaimba sauti ya kwanza. Aje aikute hivyo? Sisi ndio tunaoitunza.

Nimeitoa nje. Skrubu moja nimeitoa mapema kabisa, isije ikatusumbua baadaye. Ndoo mbili za maji ninazo. Sabuni ninayo.

Na gunzi la Mzee bado ninalo. Kumbe limeiva kwa moto, limekuwa gumu, limeingia kwenye bomba kama limezaliwa humo. Nimelisukuma kwa kijiti mpaka limepotea. Tone halitaingia.

Wanakwaya hao wanapanda kilima, nawasikia. Naenda kuwawashia.